Linux Mint 22 Xfce kwenye kompyuta ya mezani yenye diski tatu: mfumo mzuri, ukurasa mmoja wa kuogopa

Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mezani za mwaka 2012 na 2013 zikabaki njia panda. Dell OptiPlex 7010 na HP Compaq Elite 8300, ambazo bado ziko kwenye maduka ya mtumba, hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama inayodaiwa na Windows 11), na prosesa zake za kizazi cha tatu cha Intel haziko kwenye orodha ya Windows 11. Chuma chenyewe bado kizima kabisa. Mapitio haya ni ya Linux Mint 22 Xfce, mfumo wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows (Xfce ni muonekano wake mwepesi), kwenye mashine ya aina hiyo: i5-3470, RAM ya GB 8, SSD ya GB 240 ya kuwekea mfumo, diski ya TB 1 ya mafaili, na diski ya zamani ya GB 500 yenye Windows.

Mint 22 ilitoka Julai 2024, imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, na itapata masasisho hadi 2029. Watengenezaji wake wanataka RAM ya GB 2 kwa uchache, na wanapendekeza GB 4. Kwa kazi za ofisi GB 4 inatosha. Ukizoea kufungua kurasa ishirini za intaneti kwa mpigo, weka GB 8. Sauti, mtandao wa waya na kadi ya picha ya Intel iliyo ndani ya prosesa vinafanya kazi bila kutafuta draiva yoyote. Kwenye mashine yenye kadi ya zamani ya Nvidia skrini huweza kubaki nyeusi. Hapo anza tena kwa chaguo la "compatibility mode" kwenye menyu ya flashi ya kusakinishia.

Upande huo hakuna cha kulalamikia. Tatizo ni kisakinishi, na hasa ukurasa wa kugawa diski.

Chini ya ukurasa unaofunguka ukichagua "Something else" (kugawa diski mwenyewe) kuna kisanduku cha kuchagua diski itakayowekewa GRUB, ile programu ndogo inayoanza kabla ya mfumo. Ukiwa kwenye UEFI, namna mpya ya kuwasha kompyuta (ya zamani huitwa Legacy), kisanduku hicho hakisikilizwi. Unachagua SSD, kisakinishi kinaandika GRUB kwenye patisheni ya EFI (kipande kidogo cha diski chenye programu za kuwashia) ya kwanza kinayoikuta, mara nyingi ile ya diski ya Windows. Hitilafu hii imeripotiwa kwa watengenezaji wa Ubuntu tangu 2014, na Mint 22 bado inatumia kisakinishi kilekile. Ubaya wake ni kwamba huoni kitu siku hiyo. Kompyuta inawaka vizuri miezi kadhaa, mpaka siku diski ya zamani inapokufa au kuchomolewa. Hapo skrini inasema hakuna diski ya kuwashia, ilhali mfumo mzima umekaa salama kwenye SSD.

Dawa ya uhakika ni bisibisi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha chomoa waya za SATA za diski zote isipokuwa SSD. Ukiwa hapo ndani, hakikisha SSD iko kwenye tundu la kasi ya Gb/s 6: chipset za Q77 (chipu kuu ya madabodi za mashine hizi) zina matundu mawili tu ya kasi hiyo, mengine ni Gb/s 3. Sakinisha, washa mara moja uone mfumo unaanza, ndipo urudishe diski nyingine. Kama kasha la kompyuta halifunguki kirahisi, fungua GParted, programu ya kugawa diski, ukiwa bado kwenye flashi, ondoa bendera za "boot" na "esp" kwenye patisheni ya EFI ya diski ya Windows, sakinisha, kisha zirudishe.

Aliyekwisha kukosea hahitaji kuanza upya. Awashe kwa flashi, apunguze mwisho wa patisheni ya SSD kwa GParted, atengeneze patisheni ya FAT32 ya MB 512, na aipe bendera hizo mbili. Kisha aingie kwenye mfumo wake wa kawaida, afungue /etc/fstab (faili la orodha ya diski za kuunganishwa mfumo ukiwaka) na kubadilisha UUID, yaani namba ya utambulisho wa patisheni, kwenye mstari wa /boot/efi iwe ya patisheni mpya. Amri zinazofuata ni hizi:

sudo systemctl daemon-reload
sudo umount /boot/efi
sudo mount /boot/efi
sudo grub-install
sudo update-grub

Mwisho alinganishe namba inayotolewa na efibootmgr -v na ile ya lsblk -o NAME,PARTUUID. Zikifanana, GRUB sasa iko kwenye SSD.

Kosa jingine hutokea kabla hata kisakinishi hakijafunguka. Ukibonyeza F12 kwenye Dell (F9 kwenye HP), flashi moja inaweza kuonekana mara mbili: mara moja upande wa Legacy, mara moja upande wa UEFI. Ukichagua Legacy wakati Windows ilisakinishwa kwa UEFI, mifumo miwili haitaonana kwenye menyu ya GRUB. Andika ls /sys/firmware/efi kwenye teminali. Ikijibu kwamba folda hiyo haipo, uko Legacy, rudi nyuma. Anayetaka Legacy kwa makusudi aangalie kisanduku kile cha GRUB kwa makini, maana huko kinasikilizwa, na kinachojaza chenyewe ni /dev/sda, ambayo wakati mwingine ni flashi yenyewe. Majina ya sda na sdb huweza kubadilika ukiwasha upya, kwa hiyo tambua diski kwa lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL.

Usakinishaji ukiganda katikati, usilaumu Mint haraka. Fungua teminali, andika sudo dmesg -w, uangalie ujumbe wa mfumo unaopita. Mistari ya "hard resetting link" inayojirudia inaonyesha diski haiongei vizuri na madabodi. Fungua programu ya Disks usome takwimu za SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiwekea. Namba 199 ikiwa inapanda, badilisha waya wa SATA. Ni kitu cha bei ndogo na ndicho mkosaji wa mara kwa mara. Namba 5 au 197 ikipanda, diski yenyewe inaondoka: nakili mafaili leo.

Betri ya CR2032, ile ya duara iliyo kwenye madabodi, nayo ni mtuhumiwa asiyetajwa. Ikichoka, umeme ukikatika BIOS inasahau saa na mipangilio, inarudi ya kiwandani, na mfumo uliowaka jana haupatikani. Saa ikirudi nyuma miaka, hata masasisho yanakataa. Ibadilishe kabla ya kuanza.

Diski za mafaili zikisharudi, ziandike kwenye fstab kwa UUID, na uongeze nofail,x-systemd.device-timeout=10. Bila maneno hayo, diski moja ikikosekana, mfumo unasimama sekunde 90 ukisubiri, "A start job is running" ikizunguka kwenye skrini, kisha unakutupa kwenye hali ya dharura. Patisheni ya NTFS (muundo wa diski za Windows) ikikubali kusomwa tu bila kuandikwa, Windows haikuzimwa kabisa. Iingie kama msimamizi, andika powercfg /h off, uizime upya.

Timeshift, programu ya nakala za mfumo inayokuja na Mint, ielekeze nakala zake kwenye diski ya TB 1 na si SSD ya mfumo. Inahitaji patisheni ya Linux, kwa hiyo tenga GB 60 hivi za ext4 (muundo wa diski za Linux) hapo kabla hujajaza mafaili. Kwa mashine ya umri huu Mint 22 Xfce inastahili kusakinishwa, mradi waya za diski nyingine ziwe zimechomolewa.