Niliongeza memori ya printa, ramani ikaendelea kutoka nusu

Nina steshenari Ngamiani, Barabara ya 12, hapa Tanga. Printa yangu ni ya leza, nyeusi na nyeupe, niliinunua ikiwa imeshatumika. Barua na mitihani ya shule inachapa bila tabu. Iliyokuwa inanitesa ni ramani za viwanja: mteja analeta faili la PDF la ukurasa mmoja, karatasi inatoka na ramani juu, chini nyeupe, kisha inafuata karatasi nyingine yenye mstari mmoja wa kusema memori imejaa. Mzee mmoja aliyetoka Pangani kuchapa ramani ya shamba lake aliondoka mikono mitupu. Iliniuma sana.

Fundi akaja. "Dada, hii ina MB 64 tu." Akanieleza kwamba printa ya leza ikishaanza kuvuta karatasi haiwezi kusimama katikati, kwa hiyo inabidi picha ya ukurasa iwahi kuwa tayari kwenye memori. Ile ya wino inaweza kungoja mstari kwa mstari. Ukurasa wa A4 kwa nukta 600 kwa inchi unakula MB 4 na ushee. Ukipandisha hadi 1200 inakuwa mara nne, kama MB 17. Na hapo bado hujahesabu nafasi ya fonti na ya kuifumua ramani yenyewe yenye maelfu ya mistari.

Tukanunua kipande cha MB 256 kwa shilingi 40,000. Alizima printa, akachomoa waya ukutani, akagusa chuma cha fremu ili umeme wa mwilini usiharibu kipande, akachomeka. Nikachapa ramani ile ile. Ikatoka nusu ile ile!

Nilikuwa karibu kudai hela yangu. Kabla ya hapo nikaingia kwenye menyu ya printa, nikachapa ukurasa wa taarifa zake: MB 320. Kumbe printa imeshaiona memori, kompyuta ndiyo haina habari. Draiva, yaani programu ya kompyuta inayoongea na printa, iliwekwa zamani na bado ilikuwa inahesabu 64. Nikafungua sifa za printa kwenye Windows, sehemu ya "Device Settings", nikashuka hadi kwenye memori, nikaweka 320. Papo hapo nikashusha nukta kutoka 1200 hadi 600. Ramani ikatoka nzima, hadi namba za mawe ya mipaka zinasomeka.

Baadaye niliirudisha 1200 kujaribu. Inatoka, ila polepole. Kwa hiyo kipande kimefanya kazi yake. Lakini kwa mwenye hali kama yangu, ningesema aanze na 600, na kwenye Adobe Reader achague kuchapa kama picha, kabla hajatoa hela.

Kompyuta ya pili ilinisumbua tena wiki iliyofuata, kwa sababu kila moja ina draiva yake. Nimeandika 320 kwenye kipande cha plasta na kukibandika juu ya printa, ili kijana wangu wa zamu ya jioni asihangaike. Mzee wa Pangani alirudi, akachukua nakala tatu.