Simu ya "ram 8" ya laki tatu kasoro: betri safi, mfumo unachosha

Jina la kampuni naliacha, maana simu za bei hii pale mtaa wa Aggrey, Kariakoo, zinafanana mno, ukifunika nembo ya nyuma kwa kidole hujui ipi ni ipi, na mengi ninayosema hapa utayakuta hata kwenye ya jirani yake. Mi naitumia kwa biashara, nauza viatu vya mtumba WhatsApp, kwa hiyo kutwa nzima ni picha, meseji na miamala. Gemu sichezi, kwenye hilo muulizeni mwingine.

Tuanze na boksi. Mbele wameandika 8GB kubwa hiyo, yaani ram, ile kumbukumbu ya kazi ambayo simu inaendeshea apu zilizo wazi, na muuzaji naye anakazia, "dada hii ram 8, hutakaa uone inakwama". Geuza boksi usome maandishi madogo: 4+4. Simu ina ram 4, basi. Hizo 4 za pili ni kipande cha hifadhi yako, zile 128, ambacho simu inakiazima ili ihamishie vitu ambavyo hujavigusa muda kidogo. Kinafanya kazi ila pole pole, maana hifadhi ya simu hizi haiifikii ram kwa spidi hata kidogo, na juu ya hapo hiyo nafasi inatoka kwenye picha zako. Kila kampuni imeipa jina lake la kuvutia lakini kitu ni kilekile. Mi nimeizima kabisa kwenye mipangilio, sijaona tofauti yoyote kwenye spidi na nafasi ya picha imerudi. Na ram 4 sio aibu jamani, Google wenyewe kwenye Android 13 ya 2022 kiwango cha chini walichoweka kilikuwa ram 2, kwa hiyo kwa WhatsApp na miamala 4 inakutosha vizuri tu. Kinachoniudhi ni kulipishwa bei ya 8.

Kamera ni hadithi hiyohiyo. Nyuma kuna miduara minne, unadhani kamera nne kumbe inayopiga picha ni moja, moja ni taa, zilizobaki ni mapambo. Jaribu mwenyewe, funika moja moja na kidole wakati kamera iko wazi uone ipi inafanya kioo kiwe cheusi. Zile megapikseli 50 nazo, ukipiga kawaida inaunganisha nne kuwa moja unapata picha ya 12 na nusu. Hilo sio wizi, hata simu za milioni zinafanya hivyo na ndo linasaidia picha isiwe na chenga kwenye mwanga mdogo. Mchana, nje, viatu vinatoka vizuri mno rangi yake halisi. Usiku ndani ya chumba cha taa ya njano, usijisumbue.

Sasa kilichonitoa jasho, mfumo. Vifaa vya ndani havina shida kubwa, ila juu ya Android kampuni imepaka mambo yake, na mambo yake ni mengi. Unaiwasha tu mara ya kwanza unakuta apu ambazo hujaziomba, kibrauza chao, duka lao la apu mbali na Play Store, apu ya "kusafisha simu", apu ya habari, na kile kitu cha kubadilisha picha kwenye kioo kabla hujaingiza namba ya siri ambacho kazi yake kubwa ni kukusomesha udaku na kula bando. Nyingine huwezi kuzifuta, unaweza kuzizima tu. Kibrauza chao kikiachwa kinakutumia notifikesheni asubuhi mchana usiku, "fulani amepatwa na haya, bonyeza uone", unamwonyesha mteja risiti ya muamala unakuta juu yake kumeshuka tangazo la kupunguza tumbo. Dawa yake: notifikesheni ikija usiifute, ibonyeze uishikilie, itakwambia inatoka apu gani, hapohapo izime. Fanya hivyo kwa kila inayokuja, baada ya muda simu inatulia. Hakuna haja ya kumpa fundi hela kwa hili.

Apu ya kusafisha simu ndo mbaya wao maana inajifanya rafiki. Inakupigia kelele kila saa kwamba simu imejaa takataka, unabonyeza safisha, inazunguka, inakwambia umefanikiwa na inakupa tangazo. Ilichofanya ni kuua apu zilizokuwa nyuma na kufuta vitu vya muda ambavyo apu zitavitengeneza tena ukizifungua, na kuzifungua upya kunakula chaji kuliko wangeziacha zilivyokuwa. Afu kuna hili la kuua apu, hapa ndo biashara inaumia kabisa. Ili betri ionekane inakaa, mfumo unaizima WhatsApp ukiwa hujaigusa muda, kwa hiyo mteja anaandika saa nne "dada hiyo namba 39 ipo?" meseji inaingia saa sita nikishika simu mwenyewe, mtu keshanunua kwa mwingine na ananiona mi ndo mwenye dharau. Watu wengi wanalaumu mtandao, wanahama laini, wananunua bando kubwa zaidi, na kumbe ni simu. Ingia Mipangilio, kwenye apu, chagua WhatsApp, nenda sehemu ya betri uondoe kizuizi. Halafu, na hii ndo wengi hawaijui, kwenye hizi simu kuna sehemu ya pili ya kampuni yenyewe, mara nyingi imefichwa humohumo ndani ya apu ya kusafisha, inayoruhusu apu kujiwasha yenyewe. Na huko uiruhusu. Ukifanya moja ukaacha nyingine hujafanya kitu. Na mfumo ukijiapdeti rudi ukaangalie, saa nyingine inarudisha kama mwanzo bila kukuuliza.

Kibodi nayo inakuja imewekwa Kiingereza, kwa hiyo unaandika "sawa" inakurekebishia inakuwa "saw", mteja anauliza saw nini. Hili dogo, kwenye mipangilio ya kibodi ya Google ongeza Kiswahili na uzime kurekebisha kiotomatiki, kwisha.

Hifadhi: usidanganyike na 128, mfumo unakuja umeshachukua sehemu yake na WhatsApp itachukua iliyobaki kama uko kwenye magrupu ya familia, ya kikoba na ya mtaa. Zima kupakua video zenyewe, na mara mojamoja ingia sehemu ya hifadhi ndani ya WhatsApp, inakupangia mafaili makubwa juu kabisa, utakuta video ileile ya mahubiri umetumiwa na kila mtu. Ina sehemu ya memori kadi mbali na laini mbili, hapo wamefanya vizuri, simu ghali siku hizi zimeiondoa.

Na nisiwe mnafiki, betri ya 5000 naipenda. Natoka asubuhi, napiga picha, naweka stetasi, napiga simu za wateja wa mikoani, narudi usiku ina chaji. Spika inapiga kelele ya kutosha genge zima. Redio ya FM ipo na inashika bila bando, chomeka tu waya wa earphone ndo antena yake. Kioo ni kikubwa ila juani husomi kitu, unageuka geuka kutafuta kivuli.

Ningeambiwa niipe maksi, vifaa 7, mfumo 3, na hizo 3 ni baada ya kukaa nayo jioni nzima nikizima vitu. Kwa mama yangu nisingempa hivi ilivyotoka dukani, ningeitengeneza kwanza. Ukiwa na laki tatu ukakuta simu iliyoandikwa ram 6 peke yake, bila jumlisha, chukua hiyo hata kama boksi lake halina mbwembwe.

Mkiinunua mpya, bonyeza *#06# palepale dukani itokee IMEI, ile namba ya utambulisho ya simu, itume kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu, usubiri jibu na jina la simu lifanane na ulichoshika, ndo utoe hela. Kama ni ya mtumba, mwenye nayo aondoe akaunti yake ya Google mbele yako kabla simu haijafutwa, maana ikifutwa kwa vitufe vya pembeni na akaunti yake bado imo, simu itakudai namba ya siri ya mtu ambaye saa hiyo keshapanda daladala.