Git bisect kwa kompyuta iliyogoma kuwaka baada ya keneli mpya: tathmini ya fundi wa Arusha

Chombo ninachokitathmini leo hakiuzwi. Kinakuja ndani ya Git, programu ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza historia ya keneli ya Linux (keneli ni kiini cha mfumo endeshi), na amri ya bisect iliingia mwaka huohuo. Kazi yake ni moja. Ukiwa na toleo lililokuwa linafanya kazi na toleo lililoharibika, inakutafutia badiliko lililoleta uharibifu. Mafundi wengi ninaofahamiana nao wanaikwepa wakidhani ni ya waandishi wa keneli peke yao. Siyo kweli. Mimi lugha ya C, inayoandikiwa keneli, naisoma kwa kuungaunga, na bado imenifikisha hadi kwenye mstari wenyewe.

Mashine yenyewe ni kisanduku kidogo kisicho na feni, kinachotunza stoo na mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya kusasisha mfumo, kikawa kinafika kwenye menyu ya GRUB, programu inayochagua keneli ya kuwasha, kinatoa mistari kadhaa, kisha kinaganda. Ukichagua keneli ya zamani kinawaka bila shida. Wengi huishia hapo: wanaifunga ile ya zamani isiguswe, biashara inaendelea. Mimi sikubaliani na hilo hata kidogo. Mashine yenye hesabu za watu na iliyo kwenye intaneti, ukiiacha na keneli isiyopata tena marekebisho ya usalama, umelala mlango wazi.

Kabla ya bisect, kwanza lione kosa. Skrini ilionyesha mkia tu wa maneno, na mkia hausaidii. Kisanduku kina tundu la siriali nyuma, kwa hiyo niliunganisha waya hadi kwenye laptopu, nikaongeza `console=ttyS0,115200 ignore_loglevel` kwenye mstari wa keneli ndani ya GRUB. Safari hii kila kitu kikamiminika upande wa pili, na juu kabisa ya rundo kulikuwa na `BUG: kernel NULL pointer dereference`. Maana yake keneli ilikwenda kusoma mahali pasipo na kitu. Chini yake, kwenye mstari unaoanza na RIP, kuna jina la fanksheni iliyokuwa inaendeshwa wakati huo. Mstari huo nakili na uuhifadhi, utauhitaji kila hatua.

Gharama ya chombo ni bando. Historia nzima ya Linux ni gigabaiti kadhaa, na ukitumia `git clone` ya kawaida, mtandao ukikatika katikati unaanza upya. Kernel.org wanatoa faili moja kubwa linaloitwa clone.bundle ambalo unaweza kulishusha kwa `wget -c`, likikatika linaendelea lilipoishia. Hili peke yake lingetosha kunifanya niwashukuru. Usijaribu kubana bando kwa kushusha historia fupi ya `--depth 1`, maana bisect bila historia haina pa kutafuta.

Kingine ni muda wa kukompaili. Keneli yenye usanidi kamili wa distro (Linux kama inavyosambazwa tayari kutumika), kwa laptopu ya kawaida, inakula saa nyingi. Dawa yake ni `localmodconfig`. Kwenye mashine mgonjwa, ikiwa imewaka kwa keneli ya zamani, andika `lsmod > orodha.txt`, hamishia orodha kwenye laptopu yenye nguvu, kisha `make LSMOD=orodha.txt localmodconfig`. Moduli zote (vipande vya keneli vinavyopakiwa vikihitajika) ambazo mashine haizitumii zinaachwa, na saa zinageuka dakika. Hakikisha tu vifaa unavyovihitaji, flashi kwa mfano, vimechomekwa wakati unachukua orodha. Nilitengeneza paketi kwa `make bindeb-pkg` na kuzirusha kwenye kisanduku kwa scp, yaani kupitia mtandao.

Jaribu kwanza keneli halisi ya Torvalds isiyo na viraka (marekebisho ya ziada) vya distro, matoleo yote mawili. Kama ya zamani ni nzima na mpya ni mbovu hapo pia, anza.

Utamu wa chombo ndio unaanzia hapa. Kati ya matoleo mawili yanayofuatana huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000. Bisect inachagua moja la katikati, unalijenga, unaliwasha, unajibu. Kila jibu linatupa nusu ya yaliyobaki, hivyo hata yangekuwa 16,000, kama hatua 14 zinamaliza kazi. Na majibu unaruhusiwa kuyapa majina yako:

`git bisect start --term-old nzima --term-new mbovu`

Baada ya hapo unaandika `git bisect mbovu` na inakuelewa. Nilipenda sana, kwa sababu usiku, macho yakiwa yamechoka, jibu linatoka kwa lugha unayofikiria.

Kisanduku kipo dukani nami nafanyia kazi mbali, kwa hiyo `grub-reboot` ilinibeba. Inaambia GRUB itumie keneli ya majaribio kwa kuwaka mara moja tu. Ukiongeza `panic=10`, keneli ikianguka na kutangaza panic (kosa ambalo haiwezi kuendelea nalo) inasubiri sekunde 10, inajiwasha upya, na mashine inarudi kwenye keneli ya zamani bila mtu kuigusa. Hitilafu yangu iliishia kwenye panic kila mara, kwa hiyo nilikuwa na bahati. Kwa mashine inayoganda kimya, lazima awepo mtu wa kuzima na kuwasha.

Kuna mahali pa kuwa makini mno. Katikati ya safari, toleo moja liligoma kwa maneno mengine kabisa: `VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`. Kompyuta haikuwaka, ndiyo, ila hilo silo kosa tunalolitafuta. Hapo keneli imekosa initramfs (faili ndogo za kuanzia kuwaka) au draiva ya diski. Ukijibu mbovu, umeipeleka bisect njia isiyo yake. Jibu sahihi ni `git bisect skip`, au urekebishe usanidi ujaribu tena. Ndiyo maana nilisema uuhifadhi ule mstari wa RIP: mbovu ni ile tu inayoanguka palepale.

Mwisho ilitoa namba ndefu na maneno `is the first mbovu commit`. Nililifungua badiliko hilo. Draiva ilikuwa ikiuliza kama kifaa fulani kipo kweli kabla ya kukigusa. Aliyesafisha msimbo aliliondoa swali hilo kwa kuona halina kazi. Kwenye bodi nyingi ni kweli. Kwenye kisanduku hiki jedwali la ACPI (orodha ya vifaa ambayo bodi yenyewe huipa keneli) linakitaja kifaa ambacho hakikufungwa kamwe. Nikalitengua badiliko kwa `git revert`, nikajenga, kisanduku kikawaka. Hatua hii usiiruke, ndiyo inayothibitisha.

Ripoti niliituma kwa wasimamizi ambao skripti ya keneli `get_maintainer.pl` iliwataja, na nakala kwenye anwani ya regressions@lists.linux.dev. Keneli wana kanuni ya kwamba kilichokuwa kinafanya kazi kisivunjwe na toleo jipya, na ukifika na namba ya badiliko mkononi wanakusikiliza, uwe nani au uwe wapi. Kiraka kilikuja, nikakijaribu, nacho kimeingia kikiwa na mstari wa Fixes: unaotaja badiliko lililoharibu, na jina langu kwenye Reported-by, yaani aliyeripoti. Najivunia hilo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu inakuamini kupita kiasi: jibu moja la uongo, na itakuletea badiliko lisilo na hatia kwa ujasiri uleule, bila onyo. Hatari ni kubwa zaidi kwa hitilafu inayotokea mara moja moja, maana kuwaka mara moja hakutoshi kusema nzima. Hifadhi `git bisect log` kwenye faili kila baada ya hatua; ukishuku jibu, futa mstari wake na yote yaliyofuata, endesha `git bisect reset`, halafu `git bisect replay` kwa faili hilo, uendelee kuanzia hapo.