Mashindano ya Michezo ya Wazee Kampala: Omweso Ulipewa Heshima, Mbio Zilinyimwa

Mashindano ya michezo ya wazee yaliyofanyika katika uwanja wa shule moja upande wa mashariki wa Kampala yalitangazwa kuwa ya watu wote wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, umri ambao nchini Uganda ndio unaotumika kumhesabu mtu kuwa mzee. Ratiba ilijumuisha mbio fupi, mwendo wa haraka wa kilomita moja, kurusha tufe, kandanda ya kutembea, kuvuta kamba, wudiboli (mchezo wa mpira wa mbao), omweso (mchezo wa kete wa ubaoni) na ludo. Nilijiandikisha kama mshindani, na maoni haya nayatoa nikiwa upande wa mshindani. Waandaaji sitawataja, kwa sababu kazi hii bado ni mpya kwao na walionekana kuwa watu wanaosikiliza, lakini anayefikiria kumpeleka mzazi wake awamu ijayo, au kujipeleka mwenyewe, ana haki ya kujua analipia nini.

Kiingilio kilikuwa shilingi 20,000, ukipewa fulana, maji na chakula cha mchana. Kwa mstaafu mwenye pensheni ya uhakika hicho si kiasi cha kulalamikia. Hata hivyo, ruzuku ambayo serikali huwapa wazee kupitia mpango wa SAGE ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na humfikia aliyetimiza miaka 80. Kwa hiyo jajja, yaani bibi au babu, asiye na mtoto wa kumlipia angetoa sehemu nne kwa tano za fedha zake za mwezi mzima ili aje kucheza ludo. Punguzo halikuwapo kwa yeyote. Matokeo yake yalionekana wazi uwanjani: wengi waliofika walishushwa na magari ya watoto wao, au walikuja kwa makundi ya misikiti na makanisa yaliyowachangia. Fulana zilikuwa za kitambaa kizuri, nakubali, lakini ningefurahi zaidi kama zingeachwa kabisa na kiingilio kikashushwa.

Mapokezi yalistahili sifa. Kabla ya kupewa namba, kila mshindani alipimwa presha na sukari chini ya hema na wauguzi ambao hawakuwa na haraka, na aliyekutwa presha yake imepanda aliombwa akae kivulini, apimwe tena, na ikibaki juu aelekezwe kwenye michezo ya mezani. Nilimwona mzee mmoja akibisha kwa ukali kwamba yeye aliwahi kuwa askari na hawezi kuzuiwa na kifaa cha mkononi. Muuguzi alimsikiliza hadi mwisho, akamwita “mzee wangu”, akampeleka kwenye omweso, ambako alishinda michezo yake ya mwanzo na kusahau hasira. Pungufu moja ni kwamba hakuna aliyeuliza tunatumia dawa gani, ilhali baadhi ya dawa za presha humfanya mtu apate kizunguzungu anapoinuka ghafla, jambo ambalo mwamuzi wa mbio anafaa kulijua kuliko hata namba iliyoandikwa kifuani.

Omweso ndio uliobeba mashindano haya, nami nitakaa hapo kwa muda. Kwa wasomaji wanaojua bao la pwani tu, omweso nao huchezwa kwenye ubao wa mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane, kwa kete 64, lakini kete zote huwa ubaoni tangu mwanzo na kila mchezaji hupanga zake 32 kwa namna aipendayo katika safu mbili za upande wake. Hapo ndipo akili za wazee zinapoonekana, kwa sababu mpango wa mwanzo humweleza mwenzako nia yako kabla hujanyanyua mkono. Unapanda kete moja moja, shimo hadi shimo; ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete katika safu yako ya ndani, na mashimo mawili ya mpinzani yaliyo mkabala yote yakawa na kete, unaziteka na kuzipanda tena kuanzia pale ulipoanzia mzunguko. Mtu asiyebaki na shimo lolote lenye kete mbili au zaidi hawezi kucheza na ameshindwa. Na zipo njia za kushinda papo hapo, kama vile kuteka kete za ncha zote mbili za upande wa mpinzani katika zamu moja, jambo lililotokea siku ile na kuwafanya watazamaji wasimame.

Kilichonifurahisha zaidi ya mchezo wenyewe ni namna ulivyosimamiwa. Kila meza ilikuwa na mwamuzi anayejua kanuni, washiriki walipangwa kwa raundi ili aliyeshindwa mara moja asirudi nyumbani saa tano asubuhi, matokeo yaliandikwa kwa chaki kwenye ubao mkubwa, na palipotokea ubishi juu ya kete iliyodondoka mchezo ulisimamishwa, mashahidi wakasikilizwa, uamuzi ukatolewa. Wanawake walichanganywa na wanaume bila hotuba yoyote kuhusu jambo hilo, na mama mmoja kutoka Masaka aliwafunga wanaume waliokuja na vigelegele vyao. Hapakuwa na aliyetuchukulia kuwa kichekesho. Tulikuwa wachezaji.

Wudiboli nao ulifanikiwa, ingawa kwa watu wachache. Mchezo huu ulioanzia Taiwan umepata makazi mazuri Uganda, hasa vyuoni, na unamfaa mzee kuliko michezo mingi inayosifiwa kwa ajili yake: unapiga mpira wa mbao kwa nyundo ya mbao yenye kichwa kama chupa, unauelekeza kwenye lango dogo, kisha unatembea kuufuata, lango hadi lango, mpaka yatimie 12. Kutembea kwenyewe ndiko mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha mwili siku tatu au zaidi, na mzunguko mmoja wa wudiboli unagusa sehemu kubwa ya hayo bila mtu kuhisi yuko kliniki. Vijana wa chuo walioufundisha walikuwa na subira ya ajabu. Vifaa tu ndivyo vilivyokuwa vichache, kiasi kwamba foleni ilimalizia wengi hamu.

Riadha ndiyo iliyoniudhi, na sababu yake ni moja inayojirudia kila mahali: wote wenye miaka 60 na kuendelea waliwekwa katika kundi moja. Mtu wa miaka 61 aliyestaafu juzi alisimama mstari mmoja na mzee wa miaka 78, kengele ikapigwa, na kilichofuata hakikuwa shindano. Riadha ya wakongwe duniani, ambayo huanzia miaka 35, iliacha mtindo huo zamani. Makundi hupangwa kwa miaka mitano mitano, na Marekani, ambako Michezo ya Kitaifa ya Wakongwe ilianza mwaka 1987 mjini St. Louis na sasa ni ya watu wa miaka 50 na zaidi, hufuata utaratibu huohuo. Waandaaji waliniambia kwamba washiriki walikuwa wachache mno kugawanywa. Jibu hilo lina ukweli, lakini lina dawa: kuna majedwali ya umri yanayolinganisha muda wa mkimbiaji na muda bora unaotarajiwa kwa umri na jinsia yake, kisha yanampa asilimia. Kwa hesabu hiyo, ambayo simu ya mkononi inaimaliza mara moja, mzee wa miaka 78 anaweza kumshinda wa 61 hata kama alifika mwisho nyuma yake kwa hatua nyingi. Lakini ili utumie jedwali lazima uwe na muda, na muda haukupimwa. Saa haikuwapo. Waliandikwa watatu wa kwanza tu, na wengine wote wakaambiwa wamefanya vizuri.

Katika kurusha tufe kosa lilikuwa lilelile kwa sura nyingine. Tufe lilikuwa moja, la kilo 5, lililoazimwa kutoka stoo ya shule, na lilirushwa na kila mtu. Kilo 5 ni uzito wa haki kwa mwanamume wa miaka 60 hadi 69. Akifika 70 hushuka hadi kilo 4, na akitimiza 80 ni kilo 3. Mwanamke wa umri wa miaka sitini hurusha tufe la kilo 3, na wa miaka 75 na zaidi hurusha la kilo 2. Kumpa bibi wa miaka 76 tufe lenye uzito zaidi ya mara mbili ya lake, kisha kumpigia makofi kwa huruma linapoanguka karibu na kiatu chake, si ukarimu. Tufe la kilo 3 linapatikana katika maduka ya vifaa vya michezo mjini, na shule nyingi za wasichana zinalo.

Kandanda ya kutembea ilikuwa wazo zuri lililokosa mwamuzi. Mchezo huu ulianzia Chesterfield, Uingereza, mwaka 2011, na kanuni yake kuu ni nyepesi kueleza: hakuna kukimbia, uwe na mpira au usiwe nao, na anayekimbia anaadhibiwa kwa mpira wa adhabu. Kugongana hukatazwa na mpira haupandishwi juu ya vichwa. Kijana aliyepewa filimbi hakuwahi kuuona ukichezwa. Kwa dakika chache tulitembea kwa adabu, kisha mmoja akakimbia, hakuadhibiwa, na baada ya hapo tukawa watu wazima ishirini na kidogo tunaokimbizana kwa magoti mabovu. Mmoja alitoka akichechemea ameshika msuli wa nyuma ya paja, na haikushangaza, kwa kuwa hatukuongozwa kupasha miili moto hata kidogo. Filimbi tano za mwanzo zingeokoa mchezo mzima.

Kisha kuna mambo ambayo, kwa maoni yangu, yaondolewe moja kwa moja. Mbio za magunia hazikuwa kwenye tangazo, ziliongezwa mchana kwa ombi la mshereheshaji, na waliosukumwa kuzijaribu walikuwa akina mama. Mifupa ya mwanamke hupungua uimara baada ya hedhi kukoma, na kuanguka kwa upande huku miguu imefungwa ni njia ya moja kwa moja ya kuvunjika nyonga. Waliofika mwisho salama walishukuru Mungu, nami nilishukuru pamoja nao. Kukimbiza kuku kulifuata, vijana wakitoa simu kurekodi. Kuvuta kamba nako kunahitaji kuangaliwa upya, maana mtu anayevuta huku ameshikilia pumzi hupandisha presha kwa ghafla, na wale wale waliopimwa kwa makini asubuhi ndio waliokuwa kwenye kamba saa tisa alasiri. Mshereheshaji mwenyewe alikuwa na sauti nzuri na mzaha usiokwisha kuhusu meno yetu. Nadhani alidhani ameitwa harusini.

Wanawake, licha ya magunia, walikuwa zaidi ya nusu ya waliohudhuria, na wengi walikaa kwenye viti kwa sababu ratiba iliwapa kidogo. Bibi wa upande wa Jinja wanacheza kriketi na habari zao zimefika mbali. Wa Kampala hawajashindwa kushika gongo. Netiboli ya kutembea, au hata kwepena, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, kwa mpira laini, ingewaingiza uwanjani wengi ambao utotoni walikuwa hatari kwa mchezo huo.

Kuhusu huduma nyingine nitasema kwa ufupi. Viti vilitosha, kivuli hakikutosha, na mbio kuanza saa tano badala ya saa tatu asubuhi kulitupeleka moja kwa moja kwenye jua kali. Vyoo vilikuwa vya shimo vya wanafunzi, safi, lakini bila kitu cha kushikilia. Mwenye magoti yangu anaelewa. Chakula kilikuwa matooke (ndizi za kupikwa), posho (ugali) na mchuzi wa karanga, kitamu na cha moto, ila kilitoka saa tisa, na mtu mwenye kisukari aliyekunywa dawa asubuhi hawezi kungoja hadi hapo. Matangazo yalitolewa kwa Kiingereza na Kiluganda, hadi kundi la wazee wa kutoka Arua lilipolalamika ndipo kijana mmoja akasimama kututafsiria kwa Kiswahili, naye aliifanya kazi hiyo vizuri hadi jioni. Afadhali awekwe kwenye ratiba tangu mwanzo na alipwe.

Kwa jumla ningeyapa mashindano haya alama tatu kati ya tano, na karibu zote ni za omweso, wudiboli na wauguzi. Ukijiandikisha awamu ijayo, chagua omweso mapema kwa kuwa mbao ni chache, fika kabla ya saa mbili ili upate nafasi kwenye wudiboli, beba kofia, chakula kidogo na orodha ya dawa zako, na ukiingia mbio uliza mezani ni nani anayepima muda. Wakikujibu kwamba hayupo, nenda na mtu mwenye simu asimame kwenye mstari wa mwisho akupimie.