Uwanja na ukumbi wa kijiji baada ya ukarabati: uwanja nimeukubali, ukumbi bado sana

Naanza na uwanja maana ndo ulionifanya niandike. Watu wakisikia uwanja umekarabatiwa swali la kwanza huwa, wameweka nyasi bandia? Hapana hawajaweka, na mimi nawapongeza kwa hilo, nyasi bandia kijijini ni mtihani jamani, zinakaa kama miaka 8 mpaka 10 hivi zinachakaa, inabidi zing'olewe zote ziwekwe mpya na hiyo hela ya mara ya pili mara nyingi haipo, halafu jua la mchana zinapata moto mpaka nyayo zinaungua ndani ya viatu, bado zile chembechembe za mpira zinazomwagwa katikati ya nyasi ambazo Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha sheria ya kuzipiga marufuku sokoni, wakatoa miaka 8 viwanja vijipange. Hapa hela wameipeleka kwenye kitu ambacho hakionekani hata kwenye picha: njia ya maji.

Uwanja umeinuliwa katikati. Ukisimama hujui, ila ukichuchumaa kwenye mstari wa pembeni ukatazama upande wa pili unaona kabisa kuna kamgongo. Mteremko ni kama asilimia 1, yaani kila mita moja ukienda pembeni unashuka sentimita 1, kwa uwanja wenye upana wa mita 64 ina maana katikati pako juu ya pembeni kwa sentimita 32 hivi, basi hicho tu kinatosha maji kuondoka yenyewe. Pembeni wamechimba mtaro, chini kuna bomba lenye matundu, juu yake changarawe, juu kabisa mchanga. Nimepita asubuhi mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, nikaenda moja kwa moja golini, maana kwenye viwanja vingi pale ndo bwawa linapoanzia. Udongo ulikuwa na unyevu tu, nikabonyeza na kisigino kikazama kidogo kikagoma. Mechi ya jioni ilichezwa. Mtu ambaye timu yake ishawahi kuahirisha mechi msimu mzima sababu ya tope ataelewa kwa nini nimeandika aya nzima kuhusu maji.

Magoli nayo yako sawa, mita 7.32 kwa 2.44, nguzo zimezamishwa kwenye zege. Yale madogo ya watoto ni ya kuhamisha, na hapa nawaomba viongozi wa viwanja vingine msome vizuri, yamefungwa chini kwa nanga za chuma na yakimaliza kutumika yanalazwa yanafungwa mnyororo ukutani. Sheria ya 1 ya mpira wa miguu inaruhusu magoli ya kuhamishika ila kwa sharti yawe salama, na sababu ipo, watoto wameshafariki sehemu mbalimbali duniani kwa kuning'inia kwenye goli ambalo halijafungwa likawaangukia. Na kuzuia hilo ni kitu cha nanga nne tu.

Kiwanja cha wavu kina kitu nimekipenda sana, nguzo zina ndoano sehemu mbili, juu mita 2.43 kwa wanaume na chini mita 2.24 kwa wanawake, wanabadilisha wenyewe dakika moja tu hawahitaji fundi. Netiboli wamepata sakafu ngumu ya ukubwa kamili, mita 30.5 kwa 15.25, na haijapigwa lipu laini ya kuteleza, wameiacha na ukwaruzo kidogo ili mchezaji akisimama ghafla kiatu kishike. Mistari imepakwa rangi moja ya netiboli tu, hawajachanganya na michezo mingine minne mpaka refa achanganyikiwe.

Sasa kilichonigusa zaidi ya vyote ni ubao wa ratiba pale getini. Viwanja vingi tunavyoita vya jamii ukiangalia ukweli ni vya vijana wa kiume wa mpira, wengine wote wanasubiri wakichoka. Hapa wasichana wana saa zao za jioni, saa nzuri kabisa wakati jua limepoa, zimeandikwa na zinaheshimiwa, anayetunza ufunguo anawatoa wengine bila mabishano. Na vyumba vya kubadilishia nguo vina komeo kwa ndani, choo kina maji na kiko karibu na taa, sio kule nyuma vichakani. Unaweza ukaona ni vitu vidogo lakini mzazi anaamua binti aende mazoezini au abaki nyumbani kwa kuangalia hivyo hivyo vitu.

Taa za sola zinawaka vizuri ila nguzo moja wameiweka nyuma ya goli, kosa hilo, kipa akitazama mpira wa juu taa inampiga machoni moja kwa moja. Nguzo za taa zinakaa pembeni mwa uwanja, sio nyuma ya goli. Wahamishe mapema.

Haya tuje kwenye ukumbi, na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu huu ndo ulitakiwa uwe nyumba ya ngoma, maigizo, kwaya na mikutano. Nje unapendeza sana. Ndani kuta nne za saruji tupu zinatazamana, juu mabati bila dari. Mtu akiongea jukwaani sentensi ya pili inagongana na ya kwanza ambayo bado inazunguka ukutani, ukikaa nusu ya nyuma unasikia sauti lakini maneno huyapati, na mvua ikianza ndo basi tena, igizo linasimama. Nimeambiwa mpango ni kununua spika kubwa zaidi. Jamani hapana! Ukiongeza sauti kwenye chumba chenye mwangwi unaongeza na mwangwi wenyewe. Kinachotakiwa ni dari, mapazia mazito nyuma na pembeni, na vitu laini ukutani vya kunyonya sauti, hata ubao wenye matundu wenye pamba kwa nyuma fundi wa kawaida anaweza kuutengeneza.

Rampu ya kuingilia, yaani ule mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu, nayo imewekwa ili ionekane ipo. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 unahitaji sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kizingiti cha sentimita 60 kinataka rampu ya mita 7.2, hii ya hapa haifiki hata nusu, nimeona mtu wa kiti cha magurudumu anasukumwa na wawili na bado anarudi nyuma. Na kupanda jukwaani ni ngazi tu, kwa hiyo huyo mtu anaruhusiwa kutazama ila kuigiza au kuimba hapana. Hii haikubaliki kabisa.

Stoo ya vifaa vya ngoma iko upande ambao ukuta unavuta maji. Ngozi ikila unyevu inalegea na sauti inakufa, unakuta wapigaji wanaanza kwa kuzianika juani kabla ya kila onyesho. Kungekuwa na rafu za mbao mbali na ukuta na tundu mbili za hewa, tatizo lingeisha, wala sio mradi wa kusubiri mfadhili.

Uwanja nawapa nyota 5 kati ya 5, taa 3, ukumbi 2 na hizo 2 ni kwa sababu ya jukwaa lenyewe ambalo ni pana na mbao zake ni imara. Kama kikundi chenu kinatafuta pa kufanyia mazoezi ya kucheza ngoma, nendeni, mtafurahi. Kama ni igizo la maneno mengi, kwa sasa ombeni mfanyie nje upande wa netiboli, ukuta wa vyumba vya kubadilishia ukiwa nyuma yenu, pale watu wanasikia vizuri kuliko ndani.