Kwa Mkapa: mzunguko una raha yake, ila wahi

Nimekaa karibu kila upande wa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, na tiketi ninayoirudia ni ya mzunguko, daraja la bei nafuu. Ubaya wake niuseme mapema: kati ya viti na nyasi kuna njia za riadha, na nyuma ya magoli zinapinda, kwa hiyo umbali unazidi. Mpira ukiwa goli la pili, namba za jezi husomi. Panda safu za juu, huko angalau unaona timu ilivyojipanga. Anayefuatilia mbinu aongeze hela akae viti vya machungwa vilivyo sambamba na mstari wa pembeni.

Lakini kelele za mzunguko, jamani! Viti ni 60,000 na paa linarudisha sauti ndani. Siku ya Simba na Yanga hata aliye jirani yako lazima umsemeshe sikioni. Ule msemo wa Wanasimba, "Kwa Mkapa hatoki mtu", una ushahidi: Februari 2021 Al Ahly ya Misri, bingwa mtetezi wa Afrika, alilala hapa 1-0 kwa bao la Luis Miquissone.

Uwanja ulifunguliwa 2007 kwa msaada wa China, ukiitwa Taifa. Jina la Mkapa lilikuja 2020 alipofariki. Ndiyo maana wengine wanauita Lupaso, kijijini kwake Masasi. Ukifika mapema utupie jicho Uwanja wa Uhuru hapo jirani, Shamba la Bibi, maana ndipo bendera ya Tanganyika ilipopandishwa Desemba 1961.

Kuingia ni kwa N-Card, kadi ya kielektroniki ya malipo. Weka pesa kwa simu, nunua tiketi ya mechi husika na daraja lako, nyumbani, siku moja kabla. Wengi hukwama kwa kutafuta kadi getini dakika za mwisho, au kwa kudhani kadi moja itapitisha watu wawili. Angalia pia geti la daraja lako, kwani ukikosea unazunguka uwanja mzima katikati ya umati. Derby ya saa 11 jioni, saa 8 mchana mimi nimeshaketi. Maji kunywa kabla, chupa huzuiwa mlangoni.

Mechi ikiisha usigombee daladala hapo nje, zinajaa na foleni haisogei. Tembea hadi makutano ya TAZARA upandie Barabara ya Mandela. Wa Mbagala washike Barabara ya Kilwa.