Sponji za kupolishi gari zinazouzwa Lubumbashi: usinunue kwa kuangalia rangi

Katika maduka ya vipuri ya Lubumbashi, yawe ya katikati ya jiji au ya upande wa komyuni ya Kenya, mtu anayeulizia sponji za kupolishi rangi ya gari huletewa karibu kila mara bidhaa ileile: mfuko wa plastiki wenye sponji za rangi tano au sita, duara la manyoya, plato ya kushikia sponji na kijiti cha chuma cha kuiunganisha na drili. Juu ya mfuko hakuna jina la kiwanda wala maelezo ya ugumu, na muuzaji huziba pengo hilo kwa kanuni anayoitamka kwa uhakika mkubwa, kwamba ya njano inakata, yaani inakwangua uso wa rangi ili kuondoa mikwaruzo, ya machungwa ni ya kati, na nyeusi ni ya kumalizia, yaani ya kuleta mng'ao wa mwisho. Hapa nazipima seti hizo nikizilinganisha na sponji za Rupes na Lake Country, ambazo mafundi wachache huziagiza kupitia wafanyabiashara wanaokwenda Dubai au Afrika Kusini.

Nianze na hiyo kanuni ya rangi, kwa sababu ndiyo inayowapotosha wanunuzi wengi. Kila kiwanda hujipangia rangi zake. Kwa Lake Country, kampuni ya Marekani, njano ya miaka yote ni sponji ngumu ya kukata, machungwa hukata kidogo, nyeupe ni ya kupolishi na nyeusi ni ya kumalizia. Kwa Rupes ya Italia, ngumu ni ya buluu, kijani ni ya kati, njano ni laini na nyeupe ni laini kabisa. Meguiar's, kampuni nyingine, wao hukata kwa sponji ya rangi ya damu ya mzee, na njano yao ni ya kupolishi. Kwa hiyo fundi aliyezoea njano ya Rupes, akiuziwa njano iliyoigwa kwa Lake Country, ataweka sponji ya kukata juu ya boneti aliyokuwa anataka kuimalizia tu. Seti zisizo na jina zina tatizo jingine zaidi ya hilo: nimeminya sponji ya machungwa na ya buluu zilizotoka mfuko mmoja na sikuona tofauti yoyote kati yake isipokuwa rangi iliyotiwa kiwandani.

Kinachopima sponji ni mkono na jicho. Ibonyeze katikati kwa kidole gumba, kisha uiachie. Sponji ya kukata hupinga kidole na kurudi upesi, kwa kuwa kuta za vitundu vyake ni ngumu na hupeleka nguvu ya mashine moja kwa moja kwenye verni, yaani tabaka angavu lililo juu ya rangi, ilhali sponji ya kumalizia huzama bila kupinga. Baada ya hapo tazama vitundu vyenyewe. Vikiwa wazi, hewa hupita ndani, joto hutoka na mabaki ya pasta ya kupolishi hayarundikani juu. Vikiwa vimefungwa, pasta hubaki usoni, jambo ambalo lina faida yake, lakini sponji hupata moto haraka na kuisafisha ni kazi. Njia rahisi ya kujua ni kuweka mdomo kwenye uso wa sponji na kupuliza, huku kiganja kikiwa ubavuni kusubiri hewa. Muuzaji atacheka, mwache acheke.

Unene nao usipuuzwe, ingawa jibu linategemea mashine. Kwenye mashine ya orbitali, ile inayozunguka huku ikiyumba, sponji nene humeza mwendo kabla haujafika kwenye rangi, na ndiyo maana viwanda vingi vimeelekea kwenye sponji za sentimita 2 hadi 2.5. Kwenye mashine ya kuzunguka tu, ambayo bado ndiyo ya kawaida katika garaji nyingi za hapa, sponji nene husaidia kufuata mikunjo ya mlango na bampa. Sponji za seti nyingi ni nene, na kwa mwenye orbitali hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuziacha.

Kuhusu kipenyo, sponji lazima iizidi plato pande zote. Plato ya milimita 125 inahitaji sponji ya milimita 140 au 150. Nimeona seti ambayo plato na sponji zina upana uleule, na hapo fundi akiinamisha mashine kidogo tu, ukingo wa plastiki unagusa rangi.

Sasa, kwa nini uchaguzi huu uwe mzito hivyo? Verni ya kiwandani kwenye magari mengi ina mikroni 40 hadi 50, takriban nusu ya unene wa karatasi ya kuandikia, na ikishaondolewa hairudi. Magari mengi ya mtumba ya Lubumbashi yanatoka Japani, yanashushwa Dar es Salaam na kuingia kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na verni za Kijapani kwa jumla ni laini kuliko za Kijerumani. Juu ya verni hiyo laini, vumbi jekundu la kiangazi hupanguswa kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, na matokeo yake ni ile mikwaruzo ya mviringo inayoonekana jua likipiga. Mikwaruzo ya namna hiyo haihitaji sponji ngumu. Kwenye Toyota nyeusi, sponji ya kukata itaiondoa na kuacha ukungu ambao utakulazimu kuufuta kwa hatua nyingine mbili, wakati sponji ya kati yenye pasta nzuri ingemaliza kazi kwa hatua moja. Jaribu kwanza sehemu ndogo kwa sponji laini, na upande ngazi pale tu inaposhindwa.

Katika kazi, seti ya bei nafuu ilianza vizuri. Ya njano ilikata kwa nguvu iliyonishangaza. Tatizo lilikuja joto lilipopanda: gundi ya velkro, kile kitambaa cha kunatisha sponji kwenye plato, ililegea, sponji ikaanza kuchepuka kutoka katikati ya plato, na ukingo wake ukamomonyoka na kuacha chembe za njano ndani ya pasta. Ya machungwa ya Lake Country, kwa kazi ileile, ilishika umbo lake hadi gari likaisha. Njano ya Rupes ndiyo niliyoipenda zaidi kwa magari ya Kijapani, kwani inaondoa mikwaruzo ya kuoshea na kuacha mng'ao unaoweza kumkabidhi mteja bila hatua ya pili, ingawa kwenye Mercedes ilikuwa inapapasa tu. Bei yake inauma: kwa pesa ya sponji moja au mbili za namna hii unapata seti nzima ya dukani.

Mwenye bajeti ndogo asinunue upinde wa mvua. Anunue sponji nne za kati za aina moja, mbili za kumalizia na moja ya kukata. Sponji iliyolowa pasta haikati tena, inapata moto tu, hivyo gari moja lifanywe kwa kubadilisha sponji kadiri kazi inavyoendelea, na kila baada ya sehemu moja ipulizwe kwa kompresa au isuguliwe kwa brashi laini. Baada ya kazi ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikamuliwe bila kusokotwa, kisha ikaushwe kivulini.

Seti isiyo na jina singeitupa. Sponji zake ndogo na kile kijiti cha drili vinafaa kwa taa za mbele zilizofifia, mradi spidi iwe ya chini na pasta isikaukie juu, kwa maana plastiki ya taa nayo huungua.